Wajina wa Malkia

Asubuhi ya kufungua ukumbi mpya, mkuu wa shule alikuwa akinyoosha vitambaa vya meza mlinzi alipobisha hodi.

"Mama Mkuu, wajina zako wamefika. Malkia anauliza choo kiko wapi."

"Muoneshe cha walimu."

Wageni walikuwa malkia, tabibu na mshairi. Wote walikufa zamani, kila mmoja katika karne yake, na wote waliitwa jina moja, ambalo ndilo jina la mkuu wa shule. Picha zao zilikuwa zimetundikwa ukutani. Tangu chuoni, yeye alikuwa akieleza watu kwamba alipewa jina la malkia.

Waliketi mstari wa mbele, wakaitana wajina. Mshairi alilalamika kwamba amechorwa shingo ya twiga.

"Afadhali yako, wajina," alisema tabibu. "Mimi nimechorwa kama mgonjwa."

Kisha akaingia kikongwe mwenye viganja vilivyochunika kwa sabuni. Alikuwa bibi mzaa mama wa mkuu wa shule, marehemu naye. Alimlea mjukuu kwa kufua nguo za watu, na ndiye aliyempa jina lile, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe.

"Mjukuu wangu," alianza.

Malkia aligeuka. "Huyu naye ni wajina wetu?"

Gari la mgeni rasmi lilikuwa likiingia langoni. Mkuu wa shule uso ukamshuka.

"Huyu ni mfuaji tu," alisema. "Amefuata mapazia."

Bibi alimtazama kidogo. "Ndiyo, mabibi. Nimefuata mapazia."

Akayashusha, ingawa yalikuwa mapya, akaenda nayo uani.

Mgeni rasmi alihutubia, kisha akamwita mkuu wa shule jukwaani kwa jina lake. Mkuu alifungua kinywa aitike, sauti haikutoka. Malkia alitazama kucha zake. Kutoka uani, katikati ya mlio wa nguo zikifikichwa, sauti moja iliitika:

"Abee!"

Watu walipiga makofi.

Tangu siku hiyo, mkuu wa shule akiitwa, huitikiwa kutoka uani. Walimu wamezoea. Mapazia ya ukumbi ni meupe kuliko ya shule yoyote ya jirani, na picha ukutani zimebaki tatu. Mgeni akiuliza jina hilo lilitoka wapi, mkuu wa shule humwonesha malkia. Uani, mlio wa kufua husita kidogo, kisha huendelea.