Mguu wa Mbele wa Kushoto

Jumatatu asubuhi, Onesphore alipofungua chumba chake cha kuchorea huko Point, mtaa wa bandarini, alikuta farasi aliyemchora amenyanyua mguu wa mbele wa kushoto. Ijumaa alimwacha akikanyaga chini kwa miguu yote minne, maana wenye farasi wa mashindano hutaka hivyo: mgeni aikague miguu ukutani aone haina ila. Alikagua kufuli. Lilikuwa zima.

Alimshuku Baudouin, kinyozi wa chumba cha pili, mwenye maoni juu ya kila kitu. Baudouin aliapa kwa marehemu mama yake, na kiapo hicho kikamzidishia Onesphore shuku. Akauchora mguu upya, chini. Akabadilisha kufuli. Jumanne mguu ulikuwa juu.

Jumatano alimwita Pandu, Mtanzania anayemtunza farasi mwenyewe, yule wa kweli. Pandu alikaa mlangoni, hakuitazama picha.

"Pandu, huyu farasi iko na shida ya mguu?"

"Kaka, daktari kasema yuko sawa."

"Daktari sijamuuliza. Nauliza wewe mwenye unamuosha."

Pandu alikunja kofia yake. "Kabla ya mbio wanamchoma sindano ya ganzi. Jumamosi anakimbia tena. Ukisema nimesema mimi, kazi sina."

Onesphore hakumtaja. Alimtumia mwenye farasi, aliyeagiza mchoro, picha yake ilivyo, mguu juu, akitumaini ataona mwenyewe amwondoe mashindanoni. Jibu lilikuja upesi: achore majani mpaka magotini. Mtu huyo hakuuliza mguu umenyanyuliwa na nani, na Onesphore akaelewa kwamba habari ya mguu anaijua. Aliona uchungu. Lakini angekataa, angeulizwa ameambiwa na nani, kwa hiyo alichora majani, mabichi na marefu, akiyachukia jani kwa jani.

Ijumaa asubuhi farasi alikuwa ameyala yote. Onesphore alituma picha nyingine. Safari hii hakujibiwa.

Jumamosi farasi alishinda. Pandu alipiga simu kutoka bandani.

"Wa kwanza, kaka. Sasa hivi hawezi kukanyaga."

Jumapili mwenye farasi aliagiza mchoro mpya wa kusherehekea ushindi: kichwa na shingo tu, basi. Onesphore alichora kichwa kimeinuka, masikio mbele. Baada ya siku mbili kilikuwa kimeinama, kinatazama chini ya fremu, pale ambapo mguu ungekuwa. Alikiacha hivyo hivyo, akatia sahihi.

Mwenye farasi aliipenda sana. Aliitundika sebuleni kwake Berea, mtaa wa wenye pesa, na huwaambia wageni kwamba huyu farasi ana adabu.