Shokabsoba za Keki ya Keji

Annet alichagua shokabsoba za gari lake kama anavyochagua mananasi sokoni. Alizibonyeza, akazigonga kwa kidole, akazinyanyua moja moja, halafu akachukua zile nene kuliko zote. Mimi nilisimama nyuma yake na ufunguo wa gari mkononi. Nilikuwa dereva wake, na kumwendesha Annet kulinifundisha mapema kwamba kuna saa za kusema na saa za kushika usukani tu.

Konga, mwenye duka la spea, alikuwa ametutandikia aina mbili juu ya gunia, kila moja imefungwa pamoja na springi yake. Aina ya kwanza ilikuwa nyembamba, mtumba wa Japani, na ukiiegemea kwa kifua inashuka polepole kisha inapanda polepole. Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi tii, na hata ukiikalia haijui kama umefika. Konga alisema kwa fahari kwamba hizo ndizo Juba nzima inanunua, maana hapa hakuna gari linalotembea bila saruji, mbuzi au ukoo mzima ndani yake.

Fundi wetu Sebit, aliyejifunza ufundi Arua alipokuwa mkimbizi, alimsihi Annet achukue zile laini. Alimweleza kwamba zile nene zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa jepesi, zitakirusha juu kila kilichomo. Annet akamtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake.

"Sebit, wewe nasema keki ya mimi iko nyepesi?"

Basi, ushauri ukaishia hapo. Zile nene zikapakiwa.

Hasira yake ilikuwa na sababu. Annet alitoka Masaka, Uganda, akaja Juba mara tu baada ya mkataba wa amani, wakati watu waliokuwa wameahirisha harusi zao miaka yote ya vita waliamua kuoana kwa pamoja. Alikodi vyumba viwili mtaa wa Atlabara, akanunua oveni na gari la Noah lililochoka, akaanza kuoka keki za harusi. Zilikuwa keki za kumfanya mtu mzima anyamaze. Taabu ilikuwa njia. Shokabsoba za zamani zilikuwa zimevuja mafuta yote, na katika harusi iliyotangulia keki ya ghorofa tatu ilifika imelala chali. Wageni waliila kwa vijiko. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Uji.

Alilia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba inayofuata ni ya Keji, bibi harusi wa Jumamosi, na hiyo ikianguka, Jumatatu anapanda basi la Kampala na harudi. Annet hatishii. Akisema anaondoka, anaondoka.

Mimi, Emilio, niliyekulia Eldoret nikarudi kwetu Juba bila kumjua mtu, nilikuwa nampenda mwanamke huyo hadi chakula kilikuwa hakipiti. Sikuwa nimemwambia. Ningemwambia nini, naye anapima safari ya kwenda kwao kila keki inapotoka nyumbani?

Ijumaa Sebit alimaliza kufunga zile nene, nasi tukafanya majaribio. Annet aliamuru ving'olewe viti vya katikati ili keki ipate sakafu, na akadai pia kwamba gari jepesi huenda kwa ulaini. Aliweka trei ya mayai pale pale keki itakapokaa. Nikaendesha polepole hadi kwenye kona ya kwanza yenye mashimo, na gari likaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Niliposimama, ute ulikuwa unashuka mlangoni. Tulirudi, tukachambua mayai yaliyopona, tukayakaanga, tukala bila kutazamana.

Nilikimbilia kwa Konga kuzitafuta zile laini. Alikuwa ameziuza mchana kwa mtu wa teksi. Sebit alipendekeza tupakie mchanga uzito uongezeke, lakini Annet alikataa vumbi lisikaribie sukari yake nyeupe. Sebit akapendekeza mapipa ya maji. Akaulizwa yakimwagika je. Mwishowe Sebit alikuna kichwa, akaenda zake. Usiku ule Annet alipamba keki akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mimi, nikiosha gari nje, nilizisikia kupitia ukutani nikaona uchungu.

Jumamosi asubuhi keki ilikuwa imesimama mezani, ghorofa tatu, nyeupe, na maua ya sukari ya rangi ya machungwa. Tuliibeba watu wanne, tukaiweka sakafuni mwa gari, tukaizungushia mito. Nilikuwa nafunga mlango nilipoona akina mama saba wakija barabarani kwa nguo za sherehe zinazofanana, wanene wote, wanatembea kama watu waliokwisha kuamua.

Walikuwa mashangazi wa Keji. Aliyetangulia, Mama Jokudu, alitueleza kwamba kwao kitu cha bibi harusi hakiingii kwa bwana harusi peke yake kama kitu kilichoibwa. Shangazi zake hukisindikiza kwa nyimbo, ndani ya chombo hicho hicho. Na kwa kuwa bwana harusi, Duop, alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Bilpam, na harusi ingekuwa huko mbele ya wakubwa wake wote, walikuwa wamekuja wote wala hakubaki hata mmoja.

Annet alisimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. Alisema gari hili leo ni la keki tu. Alisema waite teksi. Alisema mtu mmoja akiegemea vibaya, kazi yake yote imekwisha na maisha yake hapa yamekwisha. Mama Jokudu alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Malesh, pole, binti," akasema. "Bila sisi, hiyo siyo keki ya Keji. Ni mkate tu."

Kisha akapanda. Wengine wakamfuata. Wanne walibanana kiti cha nyuma, wawili wakakaa kwenye vigoda kila upande wa keki na miguu wameikunja, naye Mama Jokudu akaketi mbele pamoja nami. Annet, hana la kufanya, alijipenyeza kwa magoti nyuma ya kiti changu, mikono yote miwili kwenye kibao cha keki, macho ameyafumba. Kila aliyepanda, nilisikia gari linashuka kidogo.

Niliondoka kwa mwendo wa jeneza. Tulipofika ile kona ya mayai, nilishika usukani kwa nguvu, nikamwomba Mungu. Gurudumu likaingia shimoni, gari likainama taratibu, likainuka taratibu, likatulia. Nikangoja mshindo. Haukuja. Shimo la pili, vilevile. La tatu lilikuwa refu la kumeza mbuzi, tukalipita kama tunapita juu ya godoro.

Annet alifungua jicho moja. Akaitazama keki. Akawatazama akina mama wale, mmoja mmoja, jinsi walivyojaa, na nikaona kwenye kioo uso wake ukielewa.

Hapo mashangazi walianza kuimba. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na kadiri walivyokuwa wakijitikisa ndivyo gari lilivyozidi kuwa tulivu, shokabsoba zile nene zimepata hatimaye kazi ziliyozaliwa kuifanya. Watoto walitukimbilia pembeni. Askari wa barabarani alisimamisha lori la matofali ili tupite. Karibu na uwanja wa ndege, mmoja wa wale wa kwenye vigoda aliona jamaa yake kando ya barabara, akaomba ashuke kidogo amsalimie.

Annet alimshika nguo kwa mikono miwili. "Hapana, Mama. Nakuomba. Wewe usishuke."

"Asubuhi hii hakutaka hata mpande," nilimnong'oneza Mama Jokudu, naye akacheka hadi kiti kikatetemeka.

Tuliingia Bilpam kwa honi na nyimbo. Vijana wa Duop walifungua milango, wakaingiza mikono chini ya kibao, wakaitoa keki juani. Ilikuwa imesimama. Hata ua moja la sukari halikuwa limedondoka. Uwanja mzima ulipiga yowe la furaha, na Keji, aliyekuwa amekatazwa kuchungulia, alichungulia. Annet alikaa chini pale pale penye vumbi na gauni lake zuri, akacheka, akalia, akacheka tena, na mimi nilisimama karibu nimejaa furaha kiasi cha kutojua mikono yangu niiweke wapi.

Mama Jokudu alimwinua, akamfuta vumbi mgongoni kama mtoto. Akamuuliza mashangazi zake yeye wako wapi.

"Masaka," Annet akasema. "Hapa Juba mimi hapana na mtu."

Mama Jokudu alinigeukia, akanipima kutoka viatu hadi kofia.

"Huyu kijana ametazama kioo njia nzima," akawaambia wenzake. "Na keki haikuwa kwenye kioo. Ilikuwa sakafuni."

Mashangazi saba walinitazama. Nilitamani ardhi inifiche, lakini sikukana. Nilisema ni kweli, na kwamba ni kweli tangu zamani, na kwamba nilikuwa naogopa kumwambia mtu ambaye kila mara ana mguu mmoja ndani ya basi. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo bila kusimama.

Annet alinitazama mimi, kisha mashangazi. Nilijua anapima. Halafu hakunijibu mimi. Alimshika Mama Jokudu mkono na kumwambia yeye.

"Basi Jumapili mkuje Atlabara, nyinyi wote saba, mkae kwanza kama shangazi ya mimi. Yeye akuje baadaye kuposa, akute mimi iko na watu."