Ngoma Iliyoshusha Wimbo

"Ghislaine, umeshuka tena!" Jean-Baptiste, mkuu wa kwaya, alibonyeza kinanda. Kweli, sauti ya kwaya nzima, iliyomfuata Ghislaine, ilikuwa chini ya ile ya kinanda. "Dimanche solo ataimba Mélanie."

Ghislaine akajiinamia kwenye benchi, akalia. Rosette, mpiga ngoma, muuza makaa wa mtaa wa Kadutu, alimhurumia. Binti yule alikuwa ameusubiri wimbo huo wa Jumapili, wa kuimba peke yake, tangu Kwaresima. Lakini Rosette angesema nini? Kazi yake ni mapigo. Mambo ya noti ni ya wenye makoo.

Mvua ya Bukavu huilegeza ngozi ya ngoma kama ugali uliozidi maji. Kwa hiyo, kama desturi, aliipeleka ngoma barazani pa kanisa penye mbabula, jiko lake la makaa, akawa anaizungusha juu ya joto huku akiigonga kwa kidole. Du. Akaguna nayo kwa sauti ileile. Ngozi ikakauka kidogo. Du. Mguno ukapanda. Akagonga tena, na koo likapanda tena, lenyewe, bila kumwomba ruhusa!

Kumbe! Kila mara wanaanza na ngozi ya moto. Inapoa katikati ya wimbo, inashuka, na kwaya inaifuata polepole bila kujijua. Furaha ilimpanda kichwani. Aibu nayo ikaja, lakini furaha ilikuwa na mbio zaidi, akarudi na ngoma kanisani.

"Papa Jean-Baptiste! Ngoma iko naimba! Hapana Ghislaine, ni miye niko nabashusha!"

"Maman Rosette, ngoma iko na rythme, mapigo tu. Noti haina."

"Basi miye nisipige. Aimbe ye peke yake, utasikia!"

"Na kama ni kweli? Dimanche utakaa bila kupiga?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Ndugu zake kutoka kijijini Nyantende walikuwa wanakuja kumwona akipiga siku hiyo. Hata hivyo akasema: "Nitakaa."

Ghislaine aliimba na macho yake mekundu, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti iliyojaza kanisa. Rosette aliikumbatia ngoma yenye joto, viganja juu ya ngozi, isije ikalia. Wimbo ulipokwisha, Jean-Baptiste alibonyeza kinanda: sauti ileile!

"Solo iko yako," akasema. Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Mélanie.

Rosette peke yake hakushangilia. Alikuwa akivitazama viganja vyake, kana kwamba kitu kilikuwa kimevitekenya.

"Rudilia mustari wa mwisho, mutoto," akaomba, akivirudisha viganja juu ya ngozi. "Nakuomba, rudilia!"

Ghislaine akavuta pumzi, akapandisha sauti. Chini ya viganja vya Rosette, bila kupigwa na mtu, ngozi ikaanza kuvuma kwa noti ileile.