Mahindi Yaliyooshwa

Kwetu Ulaya, hii ya Kilosa, kiangazi hakiji na jua, kinakuja na kengele. Unaamka kuwasha moto wa chai, unasikia huko mlimani kengele za ng'ombe, hafifu, kisha karibu, kisha vumbi linaingia kwenye sufuria. Ni wafugaji wanashuka. Masika yote wanakaa milimani, mvua zikikatika wanapita kando ya mashamba yetu, wanavuka mbuga upande wa Mikumi mpaka kwenye ziwa dogo ambalo masika ni maji na kiangazi ni majani mabichi. Mvua za kwanza zikidondoka wanarudi kwa njia ileile. Ni miaka mingi sasa, na miaka yote hiyo tumewatazama kwa jicho la pembeni.

Mimi mwenyewe si mtu wa kuamini upesi. Nikiletewa maziwa nayaonja kabla sijayanunua, na nikiambiwa fulani amekufa nauliza kafia wapi. Lakini kwa wifi yangu Sesilia mimi ni mtoto mchanga. Huyo hata jogoo akiwika mapema anataka kujua katumwa na nani.

Mwaka huu, nakiri, alikuwa na sababu. Mama yangu Costancia alitutoka mwanzoni mwa mwaka. Kabla hata udongo wa kaburi haujakaa sawa, mafuriko ya masika yakaja yakabeba mahindi shambani, yakapita na jiko la marehemu, na juu ya dari la jiko hilo ndiko alikoning'iniza mbegu zake zipate moshi. Hizo si mbegu za dukani. Babu alikuja nazo kutoka nyanda za juu alipokuja kukata mkonge, amezifunga kwenye kitambaa. Ganda lake linafunika gunzi mpaka ncha, fukusi hapati pa kuingilia. Ugali wake, ukila, unamkumbuka aliyekulea. Tulinusuru kopo moja tu.

Kaka yangu, mume wa Sesilia, alikuwa kwenye vibarua Kilangali. Mimi nilikuwa nimefunga biashara yangu ya mitumba Kilosa mjini nikarudi nyumbani kwa ajili ya msiba, nikabaki. Basi Sesilia akalichukua lile kopo akalipanda lote bondeni, kwenye kishamba cha kando ya mto ambacho mama alikuwa akikilima peke yake kila kiangazi. Sisi wengine hatukuwahi kujishughulisha nacho.

"Yunis," aliniambia siku tulipomaliza kufukia, "haya yakiharibika, mbegu ya mama imekwisha. Hakuna pengine pa kuitafuta."

Kwa hiyo kengele ziliposikika mwaka huu, Sesilia aliacha hata kusuka ukili. Alihamishia kigoda chake bondeni.

Kundi la kwanza lilikuwa la Danieli, Msukuma mmoja mrefu mpole, na mkewe Kishiwa. Hao hutangulia wenzao kila mwaka, na hupiga kambi ng'ambo ya kishamba chetu kupumzisha ndama kabla ya kuvuka mbuga. Jioni ileile waliyofika, Kishiwa alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

Sesilia alikitazama kibuyu, akamtazama miguu, akanyamaza. Kwetu hata mgomvi wako akikuamkia unaitikia, kisha mnaendelea na ugomvi. Nilijisikia vibaya, lakini maziwa nayo nikayanusa kabla ya kuyapokea, kwa hiyo sikuwa na la kumwambia mtu.

Asubuhi yake Sesilia alikuja nyumbani mbio, kanga imemvuka begani. Twende, twende ukaone. Nikaenda. Mahindi ya pembezoni, mstari wa nje wote kuzunguka kishamba, yalikuwa yamechafuka kwa mavi ya ng'ombe. Mabichi. Yametapakaa kwenye majani, yanatiririka kwenye mabua.

"Wameingiza ng'ombe usiku," akasema.

Niliinama nikatazama chini. Udongo wa bondeni ni laini, hata kuku akipita anaandika jina lake. Kwato hazikuwepo, na hakuna hata jani moja lililokuwa limeng'atwa.

"Wifi, ng'ombe gani huyu anayekunya juu ya jani na kwato haachi?"

Alizunguka akitafuta, mpaka akaokota kitawi cha mti chenye majani, kimelowa mavi, kimetupwa karibu na njia. Akakiinua mbele ya pua yangu.

"Kwato wamezifuta kwa hiki. Unaona sasa?"

Niliona. Mtu akishatia shaka, hata kinachompinga kinamuunga mkono. Nilijiambia kwamba wafugaji kweli ni wajanja, nikasahau kwamba mahindi hayakuwa yameliwa. Tulipofika njiani Sesilia alikuwa ameshaongeza la pili: kwamba yale si mavi matupu, ni dawa, imepakwa ili kuwavuta ng'ombe, watakaporudi waingie wenyewe na wenye ng'ombe waseme ni bahati mbaya. Nikasema inawezekana. Nilisema hivyo mimi, ambaye naonja maziwa.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ditram, aliitwa. Alikuja na fimbo yake na simu yake, akaupiga picha ule uchafu kutoka pande zote, akavuka mpaka kambini akawaambia Danieli na mkewe waondoke kabla ya jua kusimama. Danieli hakubisha. Alisema sawa mwenyekiti, akaanza kufungua ndama. Ni Kishiwa aliyetufuata mpaka kwenye mpaka wa shamba.

"Mama, yale majani msiyaguse, sisi huwa..."

"Usiniite mama," Sesilia akasema. "Mimi sikukuzaa."

Kishiwa aligeuka, akajitwisha masufuria yake, na kengele zikaanza kuteremka kuelekea mbugani.

Mchana kutwa tulikuwa tunaosha mahindi. Umewahi kuosha mahindi yaliyosimama shambani? Tulichota maji mtoni kwa ndoo, tukasugua jani baada ya jani kwa vitambaa, kama watu wanaowaogesha watoto waliochezea matope. Mgongo wangu uliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Ilibaki kona ya chini, pale mahindi yanapogusana na matete. Huko nilikataa. Kwenye matete yale kuna kenge mkubwa, nilimwona kwa macho yangu, na mimi na kenge hatujawahi kuelewana.

"Kona hiyo osha wewe," nikamwambia wifi yangu.

"Nitaosha kesho," akasema, maana naye alikuwa amechoka, na naye kenge anamwogopa ingawa hasemi.

Kesho ilikuwa siku ya gulio. Tulikwenda, Sesilia akauza mikeka, mimi nikanunua dagaa na chumvi, tukarudi jua likiwa limelegea. Kabla hatujafika bondeni nilisikia harufu ya majani yaliyokatwa, tamu, kama ya muwa. Sesilia alitua kapu lake barabarani akaanza kukimbia.

Kishamba kilikuwa kimelala chini. Safari hii kwato zilikuwepo, za kutosha, na mabua yalikuwa yametafunwa mpaka kwenye goti. Jirani mmoja alisema aliona kundi kubwa linakatiza na wachungaji wawili tu nyuma kabisa, hakuwatambua. Sesilia hakuhitaji watambuliwe. Alikaa chini katikati ya mabua, hakulia, akasema Danieli amerudi kulipa kisasi. Mimi nilisimama pale nikiwaza kopo la mama. Kwenye ile kona ya matete mahindi yalikuwa bado yamesimama, mistari michache, mazima kabisa.

"Na hayo wameyaachia nini?" nikauliza.

"Wameyaacha wakirudi wapate kianzio," akasema Sesilia.

Ditram alitaka twende Mikumi kituoni tukaandikishe. Sesilia akasema kituoni atakwenda, lakini kwanza anataka kumtazama Danieli usoni. Anataka kuona kama ataweza kumwangalia machoni. Kulipokucha tulipanda bodaboda, wawili nyuma ya dereva, Sesilia katikati ili asije akashuka njiani akaenda kwa miguu kwa hasira.

Milima ilibaki nyuma yetu, bluu na ukungu wake. Tulipita Mikumi mjini kwenye barabara kuu, katikati ya malori ya Zambia na wauza ndizi, tukaacha lami, tukaingia kwenye nyasi. Mbuga kiangazi ni ya manjano mpaka jicho linachoka. Kila tulipomkuta mtu tuliuliza kundi la Danieli, na kila aliyetuelekeza Sesilia alimshuku kwamba anatupoteza kwa makusudi. Hakutupoteza mtu. Njiani tulipita vishamba viwili vitatu vya kunde na matikiti, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nyuma na sina la kufanya, niliona kitu. Pembezoni mwa vile vishamba majani yalikuwa na madoa ya mavi yaliyokauka. Kwenye kimoja mzee alikuwa anapalilia, akatupungia mkono. Sikumwambia wifi yangu. Lakini shaka yangu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa imekaa upande wake, ilianza kujigeuza.

Ziwa lilikuwa limenywea, limeacha duara pana la majani mabichi, na ng'ombe wa watu wengi walikuwa wamelijaza. Tulimkuta Kishiwa ameinama juu ya ndoo, anakoroga kitu kwa kijiti. Alipotuona aliweka kijiti chini, akafuta mikono, akapiga goti vilevile kama siku ile.

"Shikamoo mama. Na wewe mama, shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Sesilia hakuitikia. Alikuwa anatazama ndani ya ndoo. Ilikuwa imejaa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na juu yake limelazwa tawi la majani.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya kugomba tena.

"Ni ya shamba la huyo mzee wa matikiti, mliyempita. Nampakia tena, ile ya kwanza imekauka." Kishiwa alitutazama mmoja mmoja. "Ng'ombe hali palipo na mavi ya mwenzake, mama. Ananusa, anapita. Sisi ndio tunaotangulia kushuka. Nyuma yetu wanakuja wengine, ng'ombe wengi, watu wachache, hawawezi kuwazuia wote. Kwa hiyo tukipita mahali pa mtu tunayemfahamu, tunampakia mavi kwenye majani ya pembezoni."

"Sisi ulitufahamia wapi?" Sesilia akauliza.

"Mama Costancia ndiye aliyetuomba. Mwaka wa kwanza tulipopita alimwambia Danieli, nyinyi mkinilindia mahindi yangu, mimi nitawaachia mabua nikishavuna. Kila mwaka anakuja mwenyewe alfajiri ananishikia ndoo. Mwaka huu hatukumwona. Danieli akasema labda anaumwa, tumfanyie tu."

Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya dumu. Mama yangu, kiangazi chote, kila mwaka, alfajiri, ameshika ndoo ya mavi na binti wa Kisukuma, na sisi nyumbani tukidhani anakwenda kufukuza ndege. Hakutusimulia kwa sababu hatukumuuliza.

"Mama amefariki," nikasema. "Mwanzoni mwa mwaka."

Kishiwa aliweka mkono kifuani, akasema neno la kwao ambalo sikulielewa. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayegusa kidonda:

"Na majani, mliyagusa?"

"Tuliyaosha," akasema Sesilia.

"Yote?"

Hapo Sesilia alinigeukia. Naapa nilijua anachokiona, maana na mimi nilikiona: kona ya matete, mistari michache imesimama, na madoa yake meusi yamekauka kwenye majani. Ile tuliyomwachia kenge.

"Si yote," nikajibu mimi.

"Basi mbegu ipo," akasema Kishiwa. Alisema kama jambo la kawaida. "Lakini lazima mpake upya. Bonifas, mfugaji mwenzetu, anashuka kesho na kundi kubwa, na ile yenu imeshakauka."

Aliinama, akamimina nusu ya ndoo yake kwenye dumu lililokatwa mdomo, akalifunika kwa majani na kulifunga kwa kamba ya katani. Danieli alikuwa amesimama kwa mbali, pamoja na ng'ombe wake, hakutukaribia. Sesilia alimwangalia machoni, kama alivyokuwa amepanga, na aliyeinamisha macho ni Sesilia mwenyewe.

Alilipokea dumu kwa mikono miwili. Dereva wa bodaboda alipoona tunachotaka kupakia alisema hapana, kiti chake ni kipya. Sesilia akamwambia atalipakata mwenyewe. Alikwisha kukaa, injini inanguruma, ndipo akageuka nyuma.

"Kishiwa."

"Naam mama."

"Marahaba."

Kishiwa alicheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono uliokuwa na mavi, ikabidi ajifute tena kwa kanga.

Tulipita Mikumi mjini hivyo, wanawake wawili na dumu, wauza ndizi wanaziba pua. Milima ilianza kuonekana. Sesilia akasema kwamba tukifika nitashika dumu, yeye atapaka.

"Na kenge je?" nikamuuliza.

"Tutamwamkia," akasema.