Posa ya Kibibi

Usiku wa jana niliota sebule yetu imejaa maji hadi darini, na mke wangu Mwantumu ananikemea kwa sababu sijavaa kanzu.

Chanzo nakijua. Katika tangi letu dogo la kioo, lenye majani mengi na pampu moja, amebaki samaki mmoja tu, Kibibi, hazidi kokwa ya tende, ana mstari wa buluu ubavuni. Wenzake wamekufa. Tangu hapo anajificha nyuma ya pampu, hali, na mstari wake unafifia kila siku. Tulipanga kukicha twende dukani kumtafutia wenza, tukagombana. Mwantumu anamtaka yule anayeitwa malaika, samaki mpana mwenye mapezi marefu, kwa kuwa anapendeza. Mimi sikujua ninachotaka, ila sikutaka Kibibi afe. Nikalala nimenuna.

Basi ndotoni Kibibi yuko kwenye kochi, kajitanda ushungi. Ananiarifu kwamba leo anaposwa, na kwa kuwa mimi ndiye baba, niache kushangaashangaa.

Anaingia malaika. Yuko peke yake, kajifukiza udi, anaamkia vizuri mno. Mwantumu anampokea kwa tabasamu ambalo mimi sijaliona tangu siku ya harusi yetu. Kando ya mlango limeota gugu la majini, ambalo humu ndotoni ni shangazi yangu. Linamuuliza mgeni kama anapenda watoto wadogo. Anajibu kwamba anawapenda sana, hasa jioni.

"Fungua mdomo," shangazi anasema. "Hapa kwetu bibi harusi hupimwa kwanza."

Malaika anafungua. Kibibi anavua viatu, anaingia. Tunangoja kwa adabu.

"Baba," sauti yake inatoka mle ndani, "napwaya."

Shangazi anamvuta nje kwa jani, na posa inakataliwa hapo hapo. Malaika analalamika kwamba yeye hajamla mtu, alikuwa anataka kufunga mdomo tu. Anatolewa kwa mkia. Mwantumu ananinunia mimi badala ya kumnunia yeye, ndivyo alivyo.

Nageuka kuchukua birika la chai, kumbe sebule si sebule tena, tumo ndani ya tangi. Mbele yetu wamejipanga vijisamaki watano wenye mistari ya buluu, kabila lake Kibibi. Shangazi anawauliza bwana harusi ni yupi. Wanageuka kulia wote, wanageuka kushoto wote, kisha wanasema hawana bwana harusi. Wamekuja tu.

Hapo nakasirika. Ya udi na viatu nimeyavumilia, lakini posa isiyo na bwana harusi ni dharau. Nawauliza, ikiwa hawamwoi, wanamtakia nini mwanangu.

Mmoja anasogea kuninong'oneza. Wanne wanasogea naye.

"Mzee, sisi tuko watano," ananong'ona. "Dukani tunaogopa hata vivuli vyetu. Tukimpata wa sita tutathubutu kula."

Mimi siku zote nilidhani Kibibi ndiye mwenye shida.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi anasema, na suala linakuwa limekwisha.

Kibibi anavua ushungi, anaingia katikati yao. Wanageuka kulia, naye anageuka kulia. Mstari wake unawaka buluu ya mwanzo kabisa. Nalia sana kwa furaha, na kwa kuwa tumo majini hakuna anayejua.

Nikaamka. Kumekucha, na Mwantumu amekaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo. Nikajiandaa kwa ugomvi wa malaika, nikaanza kumwambia polepole kwamba labda tufikirie upya.

"Vaa twende, Baba Mshamu," akanikatiza. "Wale watano wasije wakauzwa mbalimbali."

Nikamuuliza watano gani. Yeye alikuwa anakamua maji kwenye nywele.