Ufunguo wa Emmett Pavlik

Mashine ya kukerezea vyuma iliingia gerejini kwa Wendell Stahura Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, ikiviringika juu ya mabomba. Wendell aliisukuma kwa mtaimbo, na jirani yake, Gil Truax, aliokota kila bomba lililobaki nyuma akalitanguliza mbele. Magari yote mawili yalikuwa yamehamishiwa nje kwenye theluji ili ipate nafasi. Wendell aliinunua mnadani, kiwanda kilipofungwa. Katika mji huu wa Ohio kila mstaafu ana kipande cha kiwanda gerejini kwake.

Gil aliuona ufunguo wa kubania taya za mashine umeachwa palepale kwenye taya. Mashine ikiwashwa na ufunguo humo, huchomoka kama jiwe la manati.

"Toa ufunguo, bwana, usiwe Pavlik," alisema. Kisha akamwona Darlene, mke wa Wendell, mlangoni na birika la kahawa. "Nisamehe, Darlene. Mazoea tu."

"Najua," alisema Darlene.

Darlene alizaliwa Pavlik. Kaka yake, Emmett, alifia kwenye mashine hiihii, zamu ya pili, enzi kiwanda kimejaa watu. Nyapara alitangaza kwamba Emmett alisahau ufunguo kwenye taya, na tangu hapo kila anayeusahau huitwa Pavlik. Vijana wa mji hulitumia neno hilo bila kujua kuwa lilikuwa jina la mtu. Lakini Darlene alimjua kaka yake. Emmett alikuwa mtu wa kurudi kuhakikisha jiko limezimwa hata familia nzima ikachelewa kanisani. Darlene ndiye aliyeng'ang'ania inunuliwe mashine hiyo na si nyingine. Alitaka kuiona kwa macho yake.

Jumapili Wendell aliiwekea pimamaji na kusokomeza vipande vya bati chini ya miguu yake mpaka kiputo chake cha hewa kikatulia katikati. Umeme ulikuwa bado. Mashine ya kiwanda hutaka fezi tatu, nyumba ina moja, na kifaa cha kugeuzia kilikuwa njiani. Jumatatu saa tisa alasiri, wakati zamu ya pili ilipokuwa ikianza zamani, Emmett aliingia kwa mlango wa pembeni na kopo lake la chakula, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Aliipangusa mashine, akaiwasha. Ikazunguka. Wendell aliutazama waya, uliokuwa bado umening'inia ukutani, akaona kwamba angalau umeme hautumiki.

"Umeisawazisha vizuri, shemeji," alisema Emmett. "Kiwandani ilikuwa inalalia kushoto."

"Nimetumia bati la paa."

Darlene alileta sahani ya pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemshwa vyenye viazi ndani. Emmett alimtazama kwa muda.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Na wewe acha kuringa. Kula, zinapoa."

Darlene alirudi jikoni, akalia kwa furaha, kisha akaosha sufuria.

Baada ya kula Emmett alibana kipande cha chuma kwenye taya, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni na kuugusa mara mbili kwa nje. Akazima mashine, akainama kupima. Mashine ikajiwasha yenyewe, ikamvuta na kumbwaga sakafuni. Mlango ukafunguka tena. Aliingia nyapara Harlan Boggs, aliyefariki kwa kisukari miaka mingi baada ya Emmett, na tai yake shingoni. Alitoa ufunguo mfukoni mwa Emmett, akaupachika kwenye taya, akaondoka bila kusalimia. Baada ya muda Emmett aliinuka, akajikung'uta vumbi na kumalizia kahawa yake.

"Nilimwambia kizuizi cha swichi kimelika," alisema. "Akasema tumalize oda kwanza."

Ikawa hivyo kila siku. Alhamisi Darlene alimwita Gil, kwa sababu Gil alikuwa zamu ile, mashine ya jirani, na ndiye aliyetajwa kuwa shahidi. Gil alikaa juu ya ndoo na pai ya tufaha mapajani, akatazama mpaka mwisho.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema.

"Kumbe ulijua?"

"Nilikuwa na watoto wadogo, Darlene. Na Boggs alikuwa ananitazama."

"Basi sema sasa."

"Nimwambie nani? Kiwanda hakipo. Boggs mwenyewe marehemu."

Darlene alikasirika sana. Alimpokonya sahani kabla hajaimaliza pai, jambo ambalo mtaani kwao halijawahi kutokea.

Wendell si mtu wa maneno. Aliifungua mashine, akakikuta kizuizi kimelika mpaka kinateleza, akachonga kingine kwa tupa asubuhi nzima. Alasiri hiyo Emmett alipoinama, mashine ilitulia. Alipima, akaendelea, akamaliza bushi, pete nene ya chuma, aliyoianza zamani, akampa dada yake ikiwa bado na joto. Darlene aliishika kwa mikono yote miwili.

Boggs akaingia kama kawaida. Alimkuta Emmett amesimama, mzima. Akanyoosha mkono. Emmett akatoa ufunguo, akampa, na Boggs akaupachika kwenye taya na kuondoka.

"Umempa wa nini?" aliuliza Darlene.

"Si nyapara, Dar?"

Siku hizi Emmett huja kila siku ya kazi na hakuna anayeanguka. Rafu imejaa bushi. Kifaa cha umeme kilifika, na Wendell hutumia mashine asubuhi. Boggs akishatoka, Darlene huuchomoa ufunguo na kumrudishia kaka yake.

Wiki iliyopita Gil alikuja kuazima drili. Alikuwa amesamehewa kiasi cha kupewa kahawa, bila pai. Boggs alikuwa ametoka punde tu, na Darlene alikuwa bado jikoni.

"Wendell, toa ufunguo," alisema Gil. "Usiwe Pavlik."

Safari hii hakuomba radhi. Emmett, aliyekuwa akifagia nyuzi za chuma, aliugusa mfuko mtupu wa aproni yake mara mbili.