Nafasi ya Mwanamize

Mwaka 2001 marafiki walikusanyika tena nyumbani kwa Sleiman, mtaa wa Al Khoudh, kubashiri mashindano ya basketi ya vyuo, mechi kwa mechi mpaka fainali. Anayeshindwa huwapikia wenziwe. Bakhit aliutazama mchoro wa mechi ukutani na majina ya wabashiri pembeni. La marehemu mkewe halikuwepo.

"Mwanamize mmemweka wapi?"

"Ndugu yangu," Sleiman alisema taratibu, "wanaobashiri ni walio hai."

"Nani kapitisha? Nyinyi mkipewa ukubwa kidogo tu, mshafuta watu!"

Miaka yote alipokuwa hai, Mwanamize hakujua hata sheria za mchezo. Alichagua timu ambayo vijana wake wakiingia uwanjani huwaamkia wazee kwanza, na bado akiwashinda wanaume wote. Bakhit akipika pilau kanuna, naye akimcheka mlangoni: "Chumvi, bwana bingwa!"

Sayyida, mke wa Sleiman, akachukua kalamu. "Haya shemeji, angechagua nani?"

"Wale wa Sohar. Jana, wakiingia uwanjani kwa mazoezi, wamenipa mkono wote."

Sayyida akaandika. "Na wewe?"

"Mie nnawapinga hao," akasema Bakhit. "Lini mie nikakubaliana naye?"